RASILMALI YA MNYONGE NA AMANA YA ARDHI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeitandaza ardhi akaikazia kwa milima, akateremsha mvua kutoka mawinguni na kuotesha kwayo kila namna ya mmea. Na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, aliyechunga kondoo na mbuzi kabla ya utume, kisha akafanya biashara kwa mali ya Bibi Khadija kwa uaminifu ambao adui zake hawakuweza kuukana. Na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, waadhi huu waelekezwa kwa Waislamu wa Ibighi, ubavuni mwa mji wa Tukuyu katika wilaya ya Rungwe, na kwa kila Muislamu wa bara aliye katika hali kama yao. Haukukusudiwa kuongeza maneno juu ya maneno, kwani maneno ni mengi na vitendo ni haba. Umekusudiwa kujibu maswali mawili tu. La kwanza: mnyonge mwenye nguvu ya kufanya kazi lakini hana rasilmali ya kuanzia, haki yake i juu ya nani? La pili: kazi hiyo, ikipata rasilmali, itafanywaje ili imlishe mtu pasipo kuiharibu ardhi inayomlisha?

MLANGO WA KWANZA: NEEMA YA RUNGWE NA HESABU YAKE

Mwenye kusimama Ibighi asubuhi, mawingu yakaondoka, huuona mlima Rungwe umesimama kama mnara. Nchi hii ni miongoni mwa nchi zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Mito yake, Kiwira na mingineyo, haikauki. Udongo wake ni wa majivu ya milima ya moto ya zamani, na kila kinachopandwa humo huota. Ndizi, viazi, magimbi, maharage, kahawa na chai hupatikana; na miaka ya karibuni parachichi limekuwa tunda la kuuzwa ng'ambo. Chai ya Rungwe hulimwa na maelfu ya wakulima wadogo, kila mmoja na kipande chake, nao hupeleka majani kiwandani kabla hayajanyauka. Ng'ombe wa maziwa hufugwa zizini na kukatiwa majani. Hii ni neema iliyo wazi.

Walakini neema haiji bila ya hesabu. Katika Sura ya At-Takathur Mwenyezi Mungu amewaonya watu ya kwamba siku hiyo wataulizwa juu ya neema walizopewa. Na katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 41, amebainisha kwamba uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu, ili wayaonje baadhi ya matendo yao, huenda wakarejea. Aya hii iliteremka zamani, lakini asomaye leo hudhani imeandikwa jana.

Kwani wenye elimu ya hali ya anga wamethibitisha ya kuwa moto wa makaa ya mawe na mafuta, pamoja na ukataji wa misitu, umeongeza joto la dunia, na joto hilo limevuruga majira. Mvua hunyesha kwa ghadhabu pasipo kawaida yake, au huchelewa hata mbegu ikaoza. Tarehe 3 Desemba mwaka 2023, mvua kubwa iliteremsha tope la mlima Hanang juu ya mji wa Katesh na vijiji vyake, na zaidi ya watu 80 wakafa. Mwezi wa Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, ambako vimbunga ni nadra. Mtu wa Ibighi asijidanganye kwamba hayo ni ya wengine. Yeye naye yu katika mteremko, na kinachoushika mteremko ni mizizi ya miti.

Yuko atakayesema: kosa si la Waafrika, kwani moshi ulio mwingi umetoka katika viwanda vya matajiri. Asemaye hivyo amesema kweli. Afrika nzima hutoa chini ya sehemu 4 katika 100 za hewa chafu ya dunia. Na matajiri hao waliahidi huko Copenhagen mwaka 2009 kwamba ifikapo mwaka 2020 watatoa dola bilioni 100 kila mwaka kuzisaidia nchi maskini; na kwa hesabu yao wenyewe ahadi hiyo haikutimia ila mwaka 2022. Kudai haki hiyo ni halali. Lakini mwenye nyumba inayovuja hangoji mpaka aliyelitoboa paa aje kuliziba, ilhali watoto wake wanalowa. Na tena, msitu wa Tanzania haukukatwa na watu wa Ulaya: kwa hesabu ya serikali, hekta zaidi ya 400,000 za msitu hupotea kila mwaka, na sehemu kubwa ni kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa.

MLANGO WA PILI: SHOKA LA MTU WA MADINA

Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik ya kwamba mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (s.a.w.) akimwomba. Mtume akamwuliza kama nyumbani mwake hamna kitu. Akajibu kwamba mna nguo nzito, sehemu yake hujifunika na sehemu yake huilalia, na kikombe cha kunywea maji. Akaamrishwa avilete. Mtume akavishika kwa mkono wake akavinadi mbele ya watu. Mmoja akataja dirhamu moja; Mtume akauliza ni nani atakayeongeza, mara mbili au tatu; mwingine akatoa mbili, akauziwa. Mtume akampa yule maskini dirhamu zote mbili, akamwambia kwa moja anunue chakula awapelekee watu wake, na kwa ya pili anunue shoka amletee. Alipolileta, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwamuru aende akakate kuni auze, wala asimwone muda wa siku 15. Siku zilipotimia mtu yule akaja na dirhamu 10, amekwisha kununua nguo na chakula. Mtume akambainishia ya kuwa hayo ni bora kwake kuliko kuja Siku ya Kiyama na alama ya kuombaomba usoni.

Wengi huisimulia hadithi hii ili kuwakemea waombaji. Hilo ni nusu ya maana, na nusu ya pili huachwa. Na aitazame mwenye akili, ataona mambo manne.

Jambo la kwanza, maskini aliulizwa ana nini. Hakuhukumiwa kwamba hana kitu. Katika Ibighi hakuna nyumba isiyo na kitu: ikiwa si ng'ombe ni mgomba, ikiwa si mgomba ni mikono ya mama ajuaye kupika au ya kijana ajuaye kufua bati.

Jambo la pili, dirhamu ya chakula ilitengwa na dirhamu ya rasilmali. Mtu mwenye njaa akipewa rasilmali peke yake, ataila. Wala si kwa ubaya, bali kwa kuwa mtoto analia. Wenye kutoa mikopo midogo leo hushangaa kuona fedha zimeishia katika unga na karo. Lau wangalifahamu hadithi hii wasingalishangaa.

Jambo la tatu, Mtume alitia mpini. Hakutoa fedha akageuza uso. Alimpa mtu yule mauzo yenye bei njema, na chombo kilicho kamili, na kazi iliyo wazi. Fedha bila ya maongozi ni shoka bila ya mpini: lipo, lakini halikati.

Jambo la nne, palikuwa na muda na hesabu. Siku 15, kisha arudi aonyeshe. Msaada usio na siku ya hesabu huwaharibu mtoaji na mpokeaji.

Na wanavyuoni waliifahamu siri hii. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, naye ni tegemeo katika madhehebu ya Shafi'i yafuatwayo Afrika ya Mashariki, ameeleza kwamba maskini mwenye ufundi hupewa katika zaka thamani ya vyombo vya ufundi wake, na mwenye kujua biashara hupewa rasilmali ya kiasi cha biashara yake, hata atosheke. Basi zaka si kibaba cha mchele tu katika mwezi wa Ramadhani. Zaka yaweza kuwa cherehani. Yaweza kuwa nyundo na mkasi wa bati.

MLANGO WA TATU: SHOKA LA LEO

Hapa muulizaji ana haki ya kuuliza: hadithi yenyewe yasema mtu alipewa shoka akakate kuni, je, si ndiyo hiyo hiyo kazi inayomaliza misitu? Jawabu ni kwamba Mtume huyo huyo ndiye aliyeifanya Madina kuwa mahali patakatifu na kukataza miti yake isikatwe. Na katika riwaya ya Muslim imetajwa ya kuwa aliweka maili 12 kuuzunguka mji ziwe hifadhi. Ndiye aliyefundisha kwamba Muislamu apandaye mti, akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka; na kwamba Kiyama kikisimama hali mtu ana mche wa mtende mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Kuni za watu wachache katika jangwa zilikuwa na kiasi. Kuni na mkaa wa mamilioni ya watu hauna kiasi. Sharia ya hadithi ile ni chombo kimfaacho mtu na wenziwe. Chombo hubadilika kwa zama, sharia haibadiliki.

Basi shoka la leo ni lipi? Na itazamwe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni jiko. Mapema katika miaka ya 1980, mafundi wa bati wa Nairobi, wale wa jua kali, walianza kutengeneza jiko la mkaa lenye bati nje na udongo wa kuchomwa ndani. Asili yake ilitoka Siam, nchi iitwayo leo Thailand, ikarekebishwa ili ifae mapishi ya huku. Udongo hushika moto usipotee ubavuni, na jiko hilo hupunguza mkaa kwa kadiri ya theluthi hata nusu, likilinganishwa na seredani ya bati tupu. Halikuenezwa kwa kugawiwa bure. Lilienezwa kwa kuuzwa. Fundi alipata riziki, mama aliokoa fedha, na msitu ulipumua. Hapo watatu walifaidika wala hapana aliyedhulumiwa, na hiyo ndiyo biashara aipendayo Mwenyezi Mungu.

Na watu wa Rungwe wana nini katika jambo hili? Katika ufuo wa Ziwa Nyasa, upande wa Matema na Ikombe, wako wanawake wa Kikisi, mabingwa wa kufinyanga vyungu tangu enzi za mababu, na vyungu vyao hupelekwa sokoni kwa mitumbwi. Mafundi wa bati wako Tukuyu. Kijana wa Ibighi akiwakutanisha fundi wa udongo na fundi wa bati, wakajaribu na kukosea na kujaribu tena, huenda akapata kazi ambayo hakuna aliyempa ila Mola wake. Na serikali yenyewe imekwisha kuifungua njia: mwaka 2024 ilitoa mpango wake wa nishati safi ya kupikia, na nia yake ni kuwa ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika 100 wapike kwa nishati hiyo. Wateja watakuwapo, swali ni nani atakayewauzia.

Mfano wa pili ni samadi. Mwenye ng'ombe wawili au watatu wa zizini ana moto nyumbani mwake wala hajui. Hujengwa shimo la matofali na saruji chini ya ardhi, lenye paa la mviringo lisilopitisha hewa. Samadi huchanganywa na maji kwa kiasi kilicho sawa ikaingizwa humo. Hapo huchacha na kutoa hewa iwakayo, nayo hupita katika bomba mpaka jikoni. Mashapo yatokayo upande wa pili ni mbolea iliyo tayari kwa migomba na kahawa. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimeufundisha ujenzi huu kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2009 palikuwa na mpango wa nchi nzima wa kuueneza. Asiwe na wasiwasi mwenye kuogopa najisi: wanavyuoni wa Shafi'i wameruhusu samadi itiwe shambani, na wameruhusu taa iwashwe kwa mafuta yaliyoingia najisi, maadamu ni nje ya msikiti. Linalompasa ni kunawa na kulinda nguo yake ya sala.

Wala jambo la moshi si dogo. Shirika la Afya la Dunia limekadiria ya kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani, na miongoni mwao watoto wachanga na wadogo zaidi ya 237,000. Mwanamume anayeswali safu ya mbele, na mkewe anakohoa juu ya mafiga matatu miaka 20, na ajiulize atajibu nini.

Mfano wa tatu ni jua. Katika Kenya, tangu mwaka 2012, kampuni ya M-KOPA iliuza taa za nguvu ya jua kwa malipo ya kidogo kidogo kila siku, yapitayo katika simu. Mtu aliyekuwa akinunua mafuta ya taa alilipa fedha zile zile, mwisho akawa mwenye taa. Na wanavyuoni walio wengi wamejuzisha kuuza kwa mafungu, ijapokuwa bei yake yazidi bei ya taslimu, kwa sharti kwamba bei ikatwe siku ya mkataba, wala isiongezwe mnunuzi akichelewa. Likiongezwa neno la kuchelewa, biashara imegeuka riba.

Na mwaka huo huo wa 2012 kilifunguliwa Nairobi kituo cha kuwasaidia wafanya biashara wadogo wenye uvumbuzi wa kupambana na mabadiliko ya tabia ya nchi, kwa msaada wa Benki ya Dunia na serikali za Uingereza na Denmark. Kazi yake ni kuwapa watu hao mafunzo, maongozi na rasilmali: watengenezaji wa majiko, wa vyombo vya jua, wa kusafisha maji, wa kilimo. Vituo vya namna hiyo vilifunguliwa pia Ethiopia na Ghana. Mwenye kutazama kwa makini ataona kwamba wakubwa wa dunia, pamoja na elimu yao yote, wamefika pale pale: mtie mpini mwenye shoka.

MLANGO WA NNE: RIBA, NA DHAMBI YA ASIYELIPA

Sasa na apigwe mfano wa mama mmoja, auzaye maandazi na chai kando ya barabara iendayo Tukuyu. Asubuhi huuza, jioni hununua unga na mkaa wa kesho. Mtoto akaugua, rasilmali ikaingia hospitali. Akawaendea wale wakopeshaji ambao watu wenyewe wamewapa jina la kausha damu. Akapewa shilingi 100,000, arudishe 130,000 baada ya siku 30. Hakuweza. Ikaandikwa 160,000. Wakaja wakachukua meza, viti na jiko. Na siku ile aliyekuwa mfanya biashara akawa mwombaji. Mama huyu ni mfano tu, lakini kila mtaa wa Tanzania wamjua.

Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na kuharimisha riba katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 275. Na katika aya ya 280 ameamrisha mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Waislamu wote waijua hukumu hii. Lakini yamkini mama yule, kabla hajafika kwa kausha damu, alipita mbele ya milango mitano ya Waislamu wenye mali, na hapana hata mmoja uliofunguliwa. Ataulizwa aliyekula riba. Je, hataulizwa aliyezuia mkopo mwema hata ndugu yake akasukumwa motoni? Kuikemea riba juu ya mimbari, na chini yake pasiwe na mkopo usio wa riba, ni kumfungia mtu mlango kisha kumlaumu kwa kulala nje.

Upande wa pili nao una dhambi yake, na lazima isemwe. Mwaka 2018 sheria ya Tanzania ililazimisha kila halmashauri itenge sehemu 10 katika 100 za mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: sehemu 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa wenye ulemavu. Muislamu angaliomba dua miaka 40 apate jambo kama hilo, asingeomba zaidi. Kisha nini kilitokea? Vikundi vingi vikachukua visirudishe. Vingine vilikuwa majina matupu, havina mtu wala kazi. Watu wakasema: hii ni mali ya serikali, haina mwenyewe. Mwaka 2023 mikopo ikasimamishwa, ikarudishwa mwaka 2024 kwa taratibu nyingine. Katika muda ule wa katikati, ni mama wangapi waaminifu waliokwenda kwa kausha damu kwa sababu ya wale waliokula amana?

Imepokewa na Bukhari ya kwamba yeye atwaaye mali ya watu kwa nia ya kulipa, Mwenyezi Mungu humlipia. Na atwaaye kwa nia ya kuiharibu, Mwenyezi Mungu humharibu yeye. Na imepokewa vile vile kwamba iliwekwa jeneza mbele ya Mtume (s.a.w.), akauliza kama maiti yule ana deni, akaambiwa ni dinari tatu, wala hakuacha kitu. Akawaambia masahaba wamsalie wao, yeye akajizuia, hata Abu Qatada alipojitwisha deni lile, ndipo akamsalia. Dinari tatu zilimzuia Mtume wa rehema. Basi mwenye deni la kikundi, ambalo ni haki ya wajane na vilema wa wilaya nzima, na alale usingizi akiweza.

MLANGO WA TANO: YAPASAYO KUFANYWA

Yawezekana msomaji atasema: hayo ni mambo ya serikali na mabenki, msikiti wa Ibighi utaweza nini? Na asikie habari mbili.

Mwaka 1963, katika mji wa Mit Ghamr, Misri, alitokea mtu aitwaye Ahmad al-Najjar akafungua benki ya akiba isiyo na riba, kwa ajili ya wakulima na mafundi wadogo ambao hawakuwa wakikanyaga benki. Waliweka vijisenti vyao, wakakopeshana, wakagawana faida ya kazi. Ilidumu mpaka mwaka 1967 tu, lakini mbegu yake ikaenea. Na katika Tanzania benki inayofuata sharia za Kiislamu kwa ukamilifu ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 2011.

Na mwaka 2001, katika mji wa Lahore, Pakistani, alitokea Muhammad Amjad Saqib, pamoja na wenziwe, wakaanzisha Akhuwat, yaani udugu. Mkopo wao wa kwanza ulikuwa rupia 10,000, akapewa mwanamke mjane, bila ya riba. Akafanya kazi akarudisha, na fedha zile zile akapewa mwingine. Mikopo yao hutolewa misikitini, na makanisani pia, mbele ya watu. Na aliyekopa jana hualikwa awe mtoaji kesho. Mwaka 2021 mtu huyo alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay, ijulikanayo katika Asia yote. Nao walianza na rupia za mtu mmoja.

Basi na watu kumi wa Ibighi waanze, wala wasingoje kuwa mia. Kila mmoja na atoe kiasi asichokihitaji kwa mwaka mmoja, kiwe mkopo mwema. Atakayetaka kukifanya sadaka, na akifanye. Katika wao wachaguliwe watatu wajulikanao kwa uaminifu, mmoja wao awe mwanamke, kwani wakopaji wengi watakuwa wanawake, na siri za jiko huzijua wao. Kila mkopo na uandikwe, kiasi chake na siku yake, mbele ya mashahidi. Hiyo ndiyo amri ya aya ya 282 ya Al-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani, na watu huiacha kwa kuoneana haya. Kuandikiana si kushukiana. Ni kulinda mapenzi.

Mwenye njaa na apewe kwanza dirhamu yake ya chakula, itoke katika sadaka, isichanganywe na mkopo. Mwenye kuomba na aulizwe ana nini na ajua nini. Na katika waombaji watangulizwe wale ambao kazi yao huwafaa na wengine: mtengenezaji wa majiko, mjenzi wa mashimo ya samadi, mwenye kitalu cha miche ya miti na parachichi, muuza maandazi atakaye kubadili jiko. Asiyeweza kulipa kwa dhiki ya kweli na angojewe. Aliye na uwezo akakataa, na akumbushwe mbele ya mashahidi wake, kwani kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhuluma.

Wala jambo hili lisifanywe la Waislamu peke yao. Wamisheni wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na jirani wengi wa Ibighi ni Wakristo. Mto ni mmoja na mlima ni mmoja. Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu waliogawana jahazi kwa kura, wengine juu na wengine chini. Wa chini, kwa kuona taabu ya kupanda kuteka maji, wakanuia kutoboa tundu katika sehemu yao. Wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Wakiwashika mikono, wote wataokoka. Akataye msitu wa chemchemi atoboa jahazi. Lakini na wa juu wakumbuke ya kwamba yule wa chini alitoboa kwa kiu. Amshikaye mkono, na ampe maji.

KHATIMA

Hadithi ya shoka haikutaja jina la yule Ansari. Historia haikuandika kama alitajirika. Kilichoandikwa ni kwamba alikuja mikono mitupu, akaondoka na chombo, akarudi na uso usio na aibu. Akitokea katika Ibighi mtu mmoja wa namna hiyo mwaka huu, mwanamke au mwanamume, waadhi huu utakuwa umefika. Na asipotokea hata mmoja, basi karatasi hii itakuwa imeliwa na mchwa bure, na kila aliyeisoma itakuwa hoja juu yake.

Mwenyezi Mungu awape wenye mali vifua vikunjufu, na wenye mikono kazi ya halali, na wenye madeni nguvu ya kuyalipa. Ateremshe mvua ya rehema isiyo ya adhabu, auhifadhi mlima na mito yake, na awafanye waja wake kuwa wenye kuijenga ardhi wala si wenye kuiharibu.

Amin. Wabillahi taufiki.